Msimdai Mgonjwa Imani

Yapo mafundisho yanayohubiriwa siku hizi katika makanisa yetu, na hata katika sebule zetu watu wanapokuja kumjulia hali mgonjwa, ambayo mimi nayapinga waziwazi. Mafundisho hayo husema kwamba Mkristo mwenye imani ya kutosha hawezi kukaa na ugonjwa usiopona. Kama hajapona, basi ama ana dhambi aliyoificha, ama imani yake ni haba. Nayapinga kwa sababu mbili. Kwanza, Biblia yenyewe hayaungi mkono. Pili, yanaua, na pale yasipoua mwili, humjeruhi mgonjwa mahali ambapo dawa haifiki.

Siandiki kama mtu wa pembeni. Mama yetu anaishi na saratani ya mlango wa kizazi tangu mwaka 2019. Nyumbani kwetu ni mkoani Kilimanjaro. Sisi ni Walutheri, tumezaliwa watoto watano, na baba yetu ni mzee wa kanisa. Mama alikwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapata tiba ya mionzi siku tano kwa juma kwa muda wa majuma matano, akarudi amekonda lakini anatembea. Mwaka 2022 ugonjwa ulirudi. Sasa anakunywa morfini ya maji kila baada ya saa nne, anakula mtori siku anazoweza, na kila asubuhi anaongoza sala ya nyumba akiwa ameketi kitandani. Sisi tunamwombea apone. Tuliomba jana na leo tutaomba tena. Naomba basi nieleweke: sipingi maombi ya uponyaji. Ninachopinga ni kumgeuza mgonjwa kuwa mshtakiwa.

Maana hivyo ndivyo mama alivyofanywa. Siku chache kabla ya safari ya matibabu walifika wageni kutoka huduma moja ya maombezi. Waliimba, wakaomba, na kwa hayo tuliwashukuru. Kisha kiongozi wao akamwuliza mama, mbele ya mume wake na mawifi zake, ni dhambi gani ya ujana ambayo hajaitubu, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mahali pale. Mama alipojibu kwamba dhambi zake amekwisha kuziungama kwa Mungu, aliambiwa kuwa kiburi ndicho kinachomfunga. Halafu akashauriwa aivunje safari ya Dar es Salaam, iwe ishara ya imani, na nauli aitoe kuwa sadaka ya kufungua milango. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaagiza wageni waongezewe chai, kisha akasema: "Mtumishi, mimi Mungu simdai, wala sijasikia kwamba yeye ananidai. Kristo alikwisha kulipa. Nauli hii ni ya basi."

Tulichukue kwanza lile swali la dhambi. Saratani ya mlango wa kizazi, karibu mara zote, husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Virusi hivi ni vya kawaida mno. Watu wengi waliowahi kukutana kimwili huvipata wakati fulani wa maisha yao, wake kwa waume, na kwa wengi mwili huviondoa wenyewe bila mtu kujua. Kwa wachache hubaki, na baada ya miaka kumi, hata ishirini, saratani hutokea. Mke ambaye maishani mwake amemjua mume mmoja tu anaweza kuipata. Basi anayeutazama ugonjwa huu na kudai kwamba ameuona uzinzi, anadai kuona asichokiona.

Wala swali lenyewe si jipya. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliyakataa yote mawili. Na rafiki watatu wa Ayubu walisema maneno mengi mazuri ya dini, wakimsihi akiri kosa ambalo hawakuweza kulitaja. Mwisho wa kitabu, waliokemewa na Mungu ni wao, wakaambiwa waende wakaombewe na mgonjwa yule yule waliyemhukumu. Nashangaa kwamba watu wanaobeba Biblia kwapani kila siku hawajafika kwenye sura hiyo ya mwisho.

Na imani haba je? Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, na mwiba haukuondolewa. Timotheo, kijana wake katika imani, alikuwa na tumbo baya na magonjwa ya mara kwa mara. Paulo hakumwambia aongeze kufunga, alimwambia atumie mvinyo kidogo. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Huyu ndiye Paulo ambaye kule Efeso leso zilizogusa mwili wake ziliponya watu! Nani atathubutu kusema kwamba imani ilimwishia njiani? Tena nabii Isaya alikuwa na neno la Mungu mkononi kwamba mfalme Hezekia ataongezewa miaka kumi na mitano, hata hivyo aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nabii hakuona kwamba dawa inaitukana ahadi.

Wapo watakaoniambia: "Lakini watu wanapona, tumesikia shuhuda." Nami sisemi kwamba Mungu hawezi. Nauliza jambo jingine: kipaza sauti hupewa nani? Aliyepona huitwa mbele, hupigiwa vigelegele. Aliyeambiwa amepona, akaacha dawa, akazikwa baada ya miezi sita, haitwi. Hata jina lake halitajwi tena katika huduma ile. Ushuhuda unaosikiliza upande mmoja tu haufai hata katika baraza la kijiji.

Nchi yetu imekwisha kuyaona haya. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Wapo waliotolewa wodini wakapelekwa huko, wapo waliofia njiani, na wapo walioacha dawa zao kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki watu hao hata kidogo. Mwenye maumivu hushika chochote. Wanaopaswa kuulizwa ni wale wanaomjua mtu aliye katika hali hiyo, wakamwekea masharti.

Hasara nyingine huwa haihesabiwi. Mdogo wetu wa mwisho hakukanyaga kanisani kwa muda wa mwaka mzima. Hakuondoka kwa sababu Mungu hajamponya mama. Hilo analiuliza kama sisi sote tunavyoliuliza. Aliondoka kwa sababu ya swali lile aliloulizwa mama yake mbele yake. Mama hakumkemea. Alimwomba tu awe anamsomea zaburi jioni, kwa kuwa macho yake yanachoka, naye akasoma, hata zile za malalamiko ambazo hazihubiriwi. Ipo moja, ya 88, inayoishia gizani bila faraja yoyote. Imo katika Biblia, na aliyeiomba hakufukuzwa.

Basi makanisa yafanye nini? Yapo mengi, wala hayahitaji muujiza. Mhudumu wa afya akiwa na siki anaweza kuona dalili za awali kwenye mlango wa kizazi miaka mingi kabla hazijawa saratani, na zikatibiwa. Chanjo ya HPV imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini tangu mwaka 2018. Kwa nini matangazo haya yasisomwe kila Jumapili pamoja na yale ya ndoa na harambee? Mficha maradhi kilio humfichua. Na aliyekwisha kuugua anahitaji nauli, mtu wa kufua mashuka, mtu wa kukesha naye ili mwenye nyumba alale. Jumuiya yetu imefanya hivyo: akina mama wamejipangia zamu tangu 2022, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza mama ana imani kiasi gani.

Wanaopenda kupima imani kando ya kitanda waisome habari ya yule mwenye kupooza kule Kapernaumu. Watu wanne walimbeba, wakakosa nafasi, wakaitoboa dari wakamshusha. Maandiko yanasema kwamba Yesu aliiona imani yao. Mgonjwa mwenyewe hajaandikiwa hata neno moja alilolisema. Amelala tu, amebebwa.

Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Asiulizwe na imani. Waulizwe wabebaji.