Mzee Asitibiwe Vipande Vipande

Wananchi wa Ngara na Biharamulo, tumesema mara nyingi katika mikutano yetu kwamba wazee ni hazina. Twawapisha viti vya mbele, twawaomba baraka, twawapigia makofi, kisha twafunga mkutano na kwenda zetu. Leo nataka tuulizane jambo moja ambalo makofi hayawezi kulijibu. Mzee huyu tunayemwita hazina, ni nani anayeijua hali ya mwili wake? Ni nani aliyepata kukaa naye akamwangalia toka kichwani hadi miguuni, akamwuliza analala vipi, anakula nini, anaona hadi wapi, anasikia nini, na ni nani anayemtekea maji?

Kwa wazee walio wengi jibu ni fupi: hakuna.

Tazameni jinsi mambo yaendavyo. Chukueni mfano wa bibi wa miaka 75, wa kijiji chochote katika wilaya hizi mbili. Ana shinikizo la damu. Jicho moja lina mtoto wa jicho. Magoti yanamwuma, sikio la kushoto halisikii, na tangu mavuno yaliyopita amepungua mwili. Siku hizi anaanza kusahau alikoweka jembe. Na nyumbani kwake wamo wajukuu watatu wanaomtegemea yeye tu.

Bibi huyu akienda zahanati kwa ajili ya goti, atapewa vidonge vya maumivu. Mwezi ujao akirudi kwa sababu ya kizunguzungu, atapimwa malaria. Siku ya kliniki ya presha, atapewa vidonge vya presha. Kila aliyempokea amefanya kazi yake, wala sisi hatuwalaumu waganga na wauguzi, maana foleni ni ndefu na mikono ni michache. Lakini hakuna aliyeyaweka mambo yote pamoja. Hakuna aliyetazama kwamba baadhi ya dawa za maumivu huweza kupandisha presha. Kwamba dawa za presha nazo huweza kumtia mtu kizunguzungu asimamapo. Na kwamba jicho lile halioni kizingiti cha mlango. Siku atakapojikwaa akavunjika nyonga, tutasema ni bahati mbaya. Si bahati mbaya, ndugu zangu. Ni mzee aliyetibiwa vipande vipande.

Yatupasa kudai kitu kingine: uchunguzi kamili wa mzee. Maana yake ni kwamba mzee mwenye shida nyingi kwa pamoja anaangaliwa mwili wake, akili yake, moyo wake, dawa zote anazokunywa, nyumba anayolala na watu anaoishi nao. Kisha unaandikwa mpango mmoja unaosema lipi lifanywe kwanza, lipi lifuate, na nani atalifanya.

Jambo hili halikuzuliwa leo. Mwaka 1935 huko Uingereza, daktari mmoja mwanamke, Marjory Warren, alikabidhiwa wagonjwa 714 wa nyumba ya maskini iliyoungana na hospitali yake. Wengi walikuwa wazee waliolazwa kitandani miaka na miaka, kwa kuwa watu waliamini hakuna la kufanya. Yeye akawapima mmoja mmoja, akawatenga kwa mahitaji yao, akawainua na kuwafundisha kutembea tena. Wengi wakatoka kitandani, na wengine wakarudi makwao. Toka hapo elimu hii ikakua. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 29 yaliyofanywa katika nchi 9, yenye wagonjwa wazee 13,766 waliolazwa hospitalini. Wakaona kwamba wale waliofanyiwa uchunguzi kamili walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuishi majumbani mwao miezi kadhaa baadaye, kuliko wale waliotibiwa kwa desturi ya kawaida.

Najua kuna atakayesema: hayo ni ya Ulaya, huko kwenye mashine na fedha. Basi tuje hapa hapa Tanzania. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2010 wataalamu walipita vijijini wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Wakakuta kwamba wazee 6 hivi katika kila 100 wana ugonjwa wa kusahau. Katika wilaya hiyo hiyo walipima pia shinikizo la damu, wakakuta kwamba karibu wazee 7 katika kila 10 wanalo, na wengi hawakuwa wakijua. Kisha wakatengeneza kipimo cha kusahau kisichohitaji mzee kujua kusoma wala kuandika. Anaulizwa leo ni siku gani. Anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani. Anatajiwa maneno, baada ya muda anaulizwa ameyakumbuka mangapi. Anapewa njiti za kiberiti azipange kwa mfano aliouona. Njiti za kiberiti! Ngara tunakosa kiberiti?

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2019 wa kumpima mzee katika mambo sita, na mambo hayo ni mepesi hata mtu asiye daktari aweza kufundishwa. La kwanza ni akili: atajiwe maneno matatu, baadaye ayarudie. La pili ni nguvu za miguu: ainuke kitini mara 5 bila kujishika kwa mikono; akishindwa kumaliza katika sekunde 14, kuna jambo. La tatu ni chakula: je, amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu, au hamu ya kula imemtoka? La nne ni macho. La tano ni masikio: mtu asimame nyuma yake anong'one, tuone kama anasikia. La sita ni moyo: je, katika majuma mawili yaliyopita amekuwa na huzuni, au mambo aliyoyapenda hayamfurahishi tena? Atakayeonekana na upungufu ndiye apelekwe kwa mganga kwa uchunguzi mkubwa zaidi. Kiti, saa na mizani. Hivyo ndivyo vifaa vya kuanzia.

Wako pia wasemao kwamba uzee hauna dawa. Ni kweli, uzee hauna dawa. Lakini mtoto wa jicho si uzee. Ni ugonjwa, na hufanyiwa operesheni mtu akaona. Nta iliyoziba sikio si uzee. Presha si uzee. Njaa si uzee. Upweke wa mtu aliyezika watoto wake si uzee. Tukiyaita yote haya uzee, tumejivua wajibu wetu kwa neno moja.

Na kuna jambo lililo zito kuliko yote. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wameuawa vikongwe kwa kudhaniwa wachawi. Wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa jikoni miaka hamsini. Mzee akianza kusahau, akatoka usiku asijue aendako, akaongea peke yake au akamtuhumu jirani kwa kitu alichokipoteza mwenyewe, sisi tusiojua maradhi twanong'ona. Mnong'ono ukikua, huwa panga. Mzee aliyepimwa, ambaye jamaa na majirani wameelezwa kwamba huyu ana ugonjwa wa kusahau na macho yake yaharibiwa na moshi, amepata ngao. Uchunguzi huu basi si wa afya tu. Ni wa uhai na heshima ya mtu.

Tusisahau pia ni wazee gani tunaowasema. Hawa ndio waliobaki na wajukuu baada ya UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Hawa ndio waliokuwapo mwishoni mwa Aprili 1994, wakati zaidi ya watu 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbia mauaji ya Rwanda, Benaco ikageuka mji, na kuni, maji na ardhi ya Ngara vikagawanywa na wageni. Wazee wetu walibeba. Sasa wamechoka, nasi twawapa kiti cha mbele mkutanoni!

Haki ya mzee imekwisha andikwa. Sera ya Taifa ya Wazee ni ya mwaka 2003. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Madirisha ya wazee yamefunguliwa na vitambulisho vimetolewa. Haya ni mema, na aliyeyafanya apewe shukrani yake. Lakini kitambulisho hufungua mlango tu. Hakimwambii mganga kwamba mwenye kitambulisho haoni, hasikii na hajala tangu jana. Mzee hupewa nafasi ya kwanza kwenye foleni, kisha hutibiwa goti peke yake.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Ngara ina hospitali za Murgwanza na Rulenge, zilizojengwa na makanisa, na ile ya Serikali ya Nyamiaga. Biharamulo ina hospitali teule ya wilaya. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka mitano. Basi twataka mambo haya:

Kwanza, halmashauri zetu mbili zitenge fungu katika bajeti zao ili kila mzee wa miaka 60 na zaidi apimwe mambo yale sita angalau mara moja kwa mwaka, kijijini kwake. Kumwambia mzee wa Kabanga au wa Nyakanazi aende Bukoba au Bugando kwa kila jambo ni kumwambia safari ya kutwa na nauli asiyokuwa nayo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Pili, wahudumu wa afya wa jamii wafundishwe upimaji huo, na kila zahanati iwe na daftari la wazee, lenye jina la mzee, shida zake zote, dawa zake zote, na mtu anayemtunza.

Tatu, mzee atakayeonekana na shida nyingi apelekwe hospitalini, akutane na mganga, muuguzi na afisa wa ustawi wa jamii kwa siku moja, si kwa safari tano, atoke na mpango mmoja ulioandikwa.

Nne, mzee aulizwe kwa lugha anayoota nayo. Kiswahili ni lugha yetu sote na twajivunia, lakini bibi wa Kihangaza, wa Kisubi au wa Kizinza akiulizwa habari za moyo wake kwa lugha anayoijua nusu, atajibu nusu, na mpimaji atadhani amepotewa na akili.

Tano, na hili ni letu sisi vijana wa matawi: tusikae kungoja. Kila tawi lihesabu wazee wake, hasa wale waishio peke yao na wale waleao yatima, na kupeleka orodha kwa baraza la wazee na kwa diwani. Siku ya kupima, mwenye baiskeli abebe mzee, na asiye na baiskeli amshike mkono.

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 nchi yetu ina wazee karibu milioni 3 na nusu, na kila mwaka wanaongezeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Diwani atakapokuja kutuomba kura na kutuambia anawapenda wazee, tumwulize swali moja tu: katika kata yako, mwaka huu, wazee wangapi wamepimwa?