KOKOA YA MTU MMOJA HAIPATI JOTO

Wiki hii twasema na wakulima wa Kyela, wilaya itoayo sehemu kubwa ya kokoa ya Tanzania. Mwaka 2024 bei ya kokoa katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, kisha ikashuka tena. Bei hiyo hatuiamui sisi. Lakini ubora wa mzigo umo mikononi mwetu.

Mbegu ya kokoa haizaliwi na harufu ya chokoleti. Huipata kwa kuvundikwa. Mbegu mbichi zikilundikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba, au zikitiwa katika sanduku la mbao lenye matundu, ule utando wake mtamu huchachuka. Joto hupanda hata nyuzi 45 au 50, mbegu hufa, na uchungu na ukakasi wake hupungua. Kazi hii yataka siku 5 hadi 7, na kuzigeuza kila baada ya siku 2. Kisha zianikwe juu ya vichanja, si juu ya udongo wala kando ya barabara, mbali na moshi, na kufunikwa mvua inyeshapo, mpaka unyevu ubaki kama asilimia 7. Zikipungukiwa na jua, zitaota ukungu ghalani.

Wengi wanayajua haya. Mbona basi hayafanywi? Mwenye debe moja hawezi kuvundika vema hata akiwa hodari, maana lundo dogo halishiki joto. Usiku mmoja tu limepoa. Tena mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja wiki mbili. Huuza ikiwa mbichi, kwa bei aitakayo mlanguzi. Mlanguzi hukusanya madebe ya wanyonge, akavundika yeye, faida ikawa yake.

Ndugu, alifanyalo mlanguzi kwa madebe yetu, sisi twashindwaje? Jirani kumi wa kitongoji kimoja wakichanganya mbegu zilizovunjwa siku moja, sanduku moja litawatosha wote. Uzito wa kila mmoja uandikwe daftarini mbele ya macho ya wote, wakikumbuka kwamba kilo 100 mbichi hukauka zikabaki kilo 35 hadi 40 hivi. Chama cha ushirika nacho kitoe malipo kidogo ya awali, ili mwenye shida asikimbilie kwa mlanguzi gizani.

Na viongozi wa ushirika tuwaambie wazi: pasueni mbegu mbele ya mkulima, mtazame rangi yake ya ndani, mpange madaraja, na bei ifuate daraja. Aliyevundika siku 6 akilipwa sawa na aliyeanika bila kuvundika, nani atakayevundika mwakani? Kiongozi anayechanganya kokoa njema na mbovu anamwibia mwenye bidii.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha KNCU mwaka 1933, chini ya utawala wa kikoloni. Wao hawakungoja kuhurumiwa. Sisi tulio huru tunangoja nini?

Wanachama, msimalize mkutano wenu ujao wa tawi kwa hotuba tu. Toeni mbao, toeni misumari, chagueni mtunza daftari mwaminifu. Kokoa ya mtu mmoja haipati joto. Kokoa ya kijiji huwaka.