Mbolea Juu ya Mbolea

Mahindi ya Keringet yakigeuka manjano, jibu la agroveti unalijua kabla hujashuka kwenye pikipiki: ongeza mbolea. Unaongeza. Msimu ujao magunia ya mavuno yanapungua, unaambiwa uongeze tena. Mbona hakuna anayeuliza ni jani gani?

Jani la chini likianza ncha, manjano ikashuka katikati kama herufi V, hiyo ni nitrojeni, sawa, ongeza. Jani la chini likiwa na mistari, shuku magnesiamu. Majani machanga ya juu yakipauka, shuku salfa. Lakini huku juu karibu na Mau mvua huosha kalisiamu, na DAP tunayoimwaga mwaka nenda mwaka rudi inazidisha asidi. Basi mizizi inadumaa, na fosforasi uliyoinunua kwa jasho inakamatwa na alumini ardhini. Ni kama kumpakulia ugali mtu aliyefungwa mdomo!

Serikali ilishusha gunia la kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Asante. Mwaka 2024 ikazuka kashfa ya mbolea feki, wabunge wakataka kumng'oa waziri. Haki yao. Ila hata mbolea halali ingeangukia udongo uleule.

KALRO iko Njoro, Egerton iko hapo hapo. Tunadai vipimo viletwe mpaka Keringet, na kwa shamba lenye asidi, chokaa itangulie DAP, miezi kadhaa kabla ya kupanda. Mwanasiasa anayekuja na lori la magunia tu, aulizwe kipimo kiko wapi.