Shefu yuko Kinshasa, kazi iko Goma

Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, mashirika mengi ya Kivu yanaongozwa kwa simu. Mkubwa wa kazi yuko Kinshasa, Beni au Nairobi. Waliobaki ndio wanaozunguka mitaani na vijijini. Kikundi cha WhatsApp kimekuwa ofisi. Vita ndivyo vimeleta hali hiyo, lakini kuna wakubwa wanaoongoza kana kwamba wote bado wanakutana kwenye korido moja.

Mfano mdogo ni saa. Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa moja. Mkutano wa saa kumi na moja jioni kule ni saa kumi na mbili huku, giza linaingia, na aliyekwenda kutafuta umeme na rezo kwa rafiki lazima arudi kwake usiku. Inatosha kuuliza ili mkutano usogezwe asubuhi.

Halafu pesa. Benki za Goma na Bukavu zilifungwa, na mshahara ukaanza kupitia simu au kuvuka mpaka. Kila anayeupitisha anakata chake. Shirika linalotuma mshahara bila kuongeza makato hayo limepunguza mshahara, hata kama karatasi inaonyesha hesabu ileile ya zamani. Vivyo hivyo kwa mega: huwezi kumwomba mtu awashe kamera saa nzima kwa pesa ya chakula cha watoto wake.

Lakini jambo zito zaidi ni picha. Shefu aliye mbali hana uhakika kama kazi imefanyika, basi anadai picha, mahali kamili na majina ya waliosaidiwa, vyote kwenye kikundi, leo hii. Hafikirii kwamba mfanyakazi huyo atapita kwenye barieri, ambako simu inaweza kufunguliwa na mtu mwenye bunduki. Picha iliyomtuliza mkubwa wa Kinshasa inaweza kumgeuza kijana wa Masisi kuwa mpelelezi mbele ya wasiomjua.

Wakubwa hujibu kwamba wafadhili wanataka ushahidi. Ni kweli, na pesa ya msaada haistahili kulindwa kwa maneno matupu. Ila ushahidi una njia nyingi: kumpigia simu shefu wa avenue, kuzungumza na kamati ya waliokimbia vita, kusubiri rapoti hadi mtu afike mahali salama. Njia hizo zinachelewa siku mbili tatu. Mfadhili akielezwa sababu mapema, siku hizo anaweza kuzikubali.

Anayeijua barabara ya leo ni aliye karibu nayo. Anaona moto zikirudi na abiria wao, anasikia wauza maboga wakisema njia imefungwa. Yeye ndiye awe na neno la mwisho juu ya kwenda au kutokwenda, hata kama cheo chake ni kidogo, na asikatwe mshahara kwa siku aliyobaki nyumbani. Haki hiyo iandikwe ndani ya mkataba, isibaki kwenye ujumbe wa sauti ambao shefu anaweza kuufuta jioni hiyohiyo.