Kabla ya Kununua Shamba Porini, Kalale Huko Kwanza

Leo naweka pembeni mbegu na mbolea, naongelea kuishi shamba. Namaanisha kulala huko, maana kwenda Jumamosi asubuhi na kurudi Dar jioni hiyo hiyo ni matembezi.

Kuna kijana mmoja alinipigia simu usiku kutoka mjini. Ana ekari nane za mananasi ndani ndani kule Kiwangwa. Msimamizi wake kamwambia moto umepita. Kesho yake nikapanda pikipiki nikaenda. Moto ulianzia pori la jirani, ukapita kwenye nyasi za mpakani ambazo hazikufyekwa tangu masika, ukala karibu nusu ya shamba. Nyasi hizo zilikuwa zinafika kiunoni. Mwenye shamba hakuwahi kuziona, maana kila wiki alikuwa anatumiwa picha za mananasi tu. Na nanasi ukilipanda kwa machipukizi linakaa kama mwaka na nusu ndipo uvune. Piga hesabu mwenyewe.

Ukanda wetu huu unadanganya watu. Dar mpaka Bagamoyo ni lami. Bagamoyo mpaka Msata, kilomita 64, ni lami. Kijana anapita na gari mwezi wa nane, anaona ardhi imekauka vizuri, anaonyeshwa eneo, analipia. Lakini shamba haliko barabarani. Ukiiacha lami ukaingia ndani kilomita kumi na tano, mtandao unaupata ukipanda juu ya kichuguu. Maji ni ya kufuata mbali. Masika ikikolea, udongo mweusi unanasa hata pikipiki. Ukisogea upande wa Mkange na Saadani, unapakana na hifadhi, na tembo hasomi hati yako.

Maoni yangu ni haya: usinunue ekari za mbali kabla hujalala huko masika moja na kiangazi kimoja. Kodi ekari mbili kwanza, ukae, uone.

Najua utasema, "Afisa, mimi nina ajira, mtaji wenyewe unatoka kwenye mshahara." Sawa, ni kweli. Basi lima eneo dogo karibu na lami, au ingia ubia na mtu anayeishi kule, apate fungu la mavuno. Unachofanya sasa ni kumweka kijana wa watu peke yake porini, bila maji safi, bila choo cha maana, na mshahara unachelewa. Halafu unashangaa akiondoka. Hata mimi ningeondoka.

Tuangalie wenzetu wa Australia, kule bara ndani. Ranchi ya Anna Creek ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Hiyo ni zaidi ya Unguja na Pemba mara tano, na watu wanaishi humo. Sidhani kama ni mashujaa kuliko sisi, ila walijipanga. Tangu 1928 wana huduma ya daktari anayefika kwa ndege. Tangu 1951 watoto wa huko walianza kusomeshwa kwa redio. Na msafiri wa huko anafundishwa mambo matatu: aga mtu umwambie unakwenda wapi na unarudi lini, beba maji ya ziada, gari likiharibika usiliache ukaanza kutembea.

Hata bila ndege ya daktari, kujipanga tunaweza:

1. Maji. Nyumba ya shamba iwe na bati, mfereji na simtanki kabla hujapanda chochote. Ya kunywa yachemshwe.

2. Mawasiliano. Weka sola ya kuchajia simu na mkubaliane saa ya kupigiana kila jioni. Simu isipopigwa, mtu afuatilie siku hiyo hiyo.

3. Dharura. Kuwa na namba ya bodaboda wa kijijini anayeijua njia hata usiku. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikisike, apelekwe hospitali haraka.

4. Moto. Mwezi wa sita usiishe hujalima mkanda kuzunguka shamba, usafishe mpaka udongo uonekane.

5. Majirani. Nenda ukajitambulishe serikali ya kijiji. Hudhuria mikutano, na msiba ukitokea nenda. Mfugaji anayekujua kwa jina atakuja kukuambia ng'ombe wameingia au moshi unaonekana. Asiyekujua atapita zake.

Yule kijana wa mananasi amejenga vyumba viwili kule kule, anashuka Dar mara mbili kwa mwezi. Amepanda upya ile nusu iliyoungua. Juzi alinipigia akilalamika kwamba nyani wanamsumbua upande wa bondeni. Nilifurahi, maana safari hii ameona kwa macho yake mwenyewe.

Kwa hiyo kama kuna eneo umelipenda huko ndani, nenda ukalale wiki moja. Nenda mwezi wa nne, usiende wa nane. Ukirudi bado unalitaka, njoo tuongee mbegu.