Kompyuta ikiamka bila mtandao, usikimbilie kununua nyingine

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani imesitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, programu endeshi iliyotoka mwaka 2015. Windows 11 inayoirithi haikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Kwa hiyo kompyuta mpakato iliyotumika ikianza kusumbua, ni rahisi mwenye nayo kuambiwa imepitwa na wakati, anunue nyingine.

Tuchukue tatizo moja linalowakuta wengi. Umefunika kompyuta, ikalala. Ukiifunua baada ya nusu saa, waifai haishiki. Je, ni kwa sababu ya uamuzi wa Microsoft? Hapana. Kilichosimama ni masasisho, hasa ya usalama. Waifai haikuzimwa.

Kijijini intaneti ya kompyuta mara nyingi hutoka kwenye simu, kwa hiyo tuanzie hapo. Simu nyingi za Android huzima hotispoti zenyewe zikikaa dakika kadhaa bila kifaa kilichounganishwa, ili kutunza chaji. Kompyuta ikilala, simu huona hakuna mtumiaji. Iwashe tena hotispoti, kisha tafuta kwenye mipangilio yake sehemu ya kujizima yenyewe, uiondoe. Hakikisha pia bando halijaisha.

Kama simu iko sawa, iwashe kompyuta upya kwa kuchagua "Restart". Kuizima tu na kuiwasha huenda kusisaidie, kwani Windows ikizimwa huweza kuhifadhi sehemu ya hali yake ya awali. Mtandao ukirudi, hiyo ni dalili nzuri: kadi ya waifai haijafa, ila inashindwa kuamka.

Sababu mojawapo ni kubana matumizi ya umeme. Windows inaruhusiwa kuikatia kadi umeme wakati wa kulala, na draiva, yaani programu inayoiongoza kadi hiyo, ikiwa na kasoro, kadi hairudi kazini. Fungua "Device Manager", kisha "Network adapters", chagua kadi ya waifai, ingia "Power Management", uondoe alama ya tiki kwenye ruhusa ya kuizima. Chaji itapungua haraka kidogo. Kompyuta nyingine hazina ukurasa huo. Hapo fundi aweke draiva inayotoka kwa mtengenezaji wa kompyuta.

Kadi isipoonekana kabisa hata baada ya hatua hizo, huenda imeharibika au imelegea. Hata hivyo, adapta ndogo ya waifai ya kuchomeka kwenye tundu la USB huwa na bei ndogo sana kuliko kompyuta nyingine.

Kukosa masasisho ya usalama ni jambo la kulipangia, hasa kwa anayefanyia miamala ya fedha kwenye kompyuta hiyo. Lakini hilo ni suala jingine. Fundi akikwambia kompyuta imekufa, mwulize kwanza: je, ukiiwasha upya, waifai inarudi?