Tusihukumu Nyaya za Kioo kwa Namba Tu

Wanafunzi wenzangu, nanyi wakubwa wetu mliopita shuleni hapa, wengi wenu mwakumbuka zogo la mwanzoni mwa miaka ya 2010 juu ya nyaya za kioo za serikali, zile zichukuazo habari kutoka Kampala hadi mipakani. Ililalamikiwa kwamba zimefukiwa nyaya za aina ya G.652 badala ya G.655. Swali la fedha lilikuwa halali, maana mkopo uliotoka China hulipwa na sisi sote. Lakini wangapi waliuliza G.652 ina ubaya gani hasa?

Mwanga upitao katika uzi wa kioo una rangi nyingi zilizokaribiana, ingawa jicho haliwezi kuziona, na rangi hizo haziendi mwendo mmoja. Fikiri darasa zima likitoka mbio Wandegeya kwenda Jinja. Likifika Mukono limesambaa barabara nzima, na darasa lililolifuata limekwisha changanyika nalo. Ndivyo alama za mwanga zinavyochanganyika, mpokeaji asijue ipi ni ipi. Katika G.652 mtawanyiko huo ni kama pikosekunde 17 kwa kila kilomita, kwa kila nanomita moja ya upana wa rangi. G.655 hutawanya kidogo kuliko hivyo. Tofauti kubwa ni hiyo.

Na dawa ipo. Mwaka 1978 Kenneth Hill na wenzake, huko Ottawa, Kanada, waligundua kwamba mwanga wa leza waweza kuchora mistari ya kudumu ndani ya uzi wa kioo. Wataalamu huiita gretingi. Kwa mwanga wa simu za mbali mistari huwa karibu 1,900 katika milimita moja, nayo hurudisha nyuma rangi moja na kuziacha nyingine zipite. Hicho ni kichujio: Jinja waweza kuchukua rangi yao bila kugusa ziendazo Mombasa.

Jambo la ajabu zaidi ni hili. Mistari ikichorwa kwa nafasi zinazopungua kidogo kidogo, rangi iliyochelewa hurudishwa pale mlangoni, na iliyotangulia hulazimishwa kwenda hadi mwisho ndipo irudi. Zikitoka, zinakwenda pamoja! Kipande cha sentimita 10 chaweza kurekebisha mtawanyiko wa kilomita 100 hivi. Siku hizi hata mitambo ya kupokea hufanya hesabu hiyo yenyewe. Tena uzi wenye mtawanyiko mdogo mno una taabu yake, kwani rangi nyingi zikipita pamoja huingiliana.

Basi maoni yangu ni haya. Kama kiliagizwa kitu kimoja kikaletwa kingine, hiyo ni kazi ya wakaguzi, nao wasione haya. Lakini kuiita G.652 takataka ni kosa. Ndiyo aina iliyoenea kuliko zote duniani. Mbunge asiyejua mtawanyiko ni nini aweza kudanganywa na mwuzaji leo, na mpinzani wa mwuzaji kesho.

Sisi hapa gretingi ya maabara twaiona mara moja tu, karibu na mtihani, tena kwa foleni. Wakubwa wetu, mkitaka kutupa zawadi mwaka huu, tupeni gretingi kumi na taa ndogo ya leza. Makombe ya mpira tunayo ya kutosha.